Wazee wetu na muuguzi wa zahanati: kazi inayofanyika Kinondo bila kuonekana

Wadi ya Kinondo haina nyumba ya kulelea wazee. Toka Galu hadi Gazi hutakuta jengo lenye vitanda vya wazee na wauguzi wanaopokezana zamu usiku na mchana. Nairobi zipo chache, mojawapo ikiwa Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki upande wa Kasarani. Zanzibar, Serikali ina nyumba za Sebleni na Welezo. Huku kwetu mzee hukaa kwake au kwa mwanawe, na wa kumtazama ni binti, mkaza mwana, au mjukuu aliyemaliza shule na bado hajapata kazi.

Desturi hiyo ni nzuri na hakuna anayetaka kuiondoa. Ila mzee akipatwa na kiharusi, sukari ikimzidi au akianza kushinda kitandani, kazi ya uuguzi iko palepale: kugeuzwa, kuoshwa, kupimwa, kusafishwa kidonda, kubadilishwa mpira wa mkojo. Kwingine kazi hiyo ina muuguzi wake ambaye hana kazi nyingine. Kinondo humwangukia muuguzi wa zahanati, ambaye siku hiyo hiyo ana watoto wa chanjo, akina mama wajawazito, mtoto mwenye malaria na kijana aliyeanguka na bodaboda.

Malalamiko ya wakaazi kuhusu wauguzi si machache. Nesi amenijibu vibaya. Nesi amesema dawa hakuna. Nesi ameitwa nyumbani hakuja. Baadhi ni ya haki, na mbele tutaeleza yanapelekwa wapi. Lakini mengi hutokana na kutojua siku ya muuguzi inavyokwenda, na katika utunzaji wa wazee kutojua huko kuna gharama, kwa sababu mzee hufikishwa zahanati wakati jambo lililokuwa dogo limeshakuwa kubwa.

Benchi la asubuhi

Zahanati ni ngazi ya pili ya huduma za afya nchini. Ya kwanza ni kijijini, kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP. Ya tatu ni kituo cha afya, na juu yake ni hospitali. Mgonjwa wa Kinondo aliyeshindikana hupelekwa Msambweni, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti.

Katika zahanati nyingi za vijijini mkuu wa kituo ni muuguzi, si daktari. Ndiye anayefungua mlango saa mbili asubuhi, anayepima, anayedunga sindano, anayetoa dawa, anayezalisha, na jioni ndiye anayehesabu vidonge vilivyobaki. Pia ndiye anayeandika. Kila huduma ina rejista yake: ya watoto, ya wajawazito, ya chanjo, ya kifua kikuu, ya wagonjwa wa kawaida. Mwezi ukiisha, takwimu zote hujumlishwa na kutakiwa kufika ngazi ya kaunti ndogo kabla ya tarehe 5. Muuguzi unayemwona ameinama juu ya karatasi huku watu wamejaa benchini si kwamba amewapuuza. Bila zile karatasi hakuna anayejua ni chanjo ngapi na dawa ngapi ziagizwe mwezi ujao.

Sasa mwangalie mzee kwenye benchi hilo. Amekuja kwa bodaboda, katikati ya wajukuu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hawezi kukaa muda mrefu kwenye ubao. Wauguzi wengi hujitahidi kuwaita wazee mbele ya foleni, na hapo ndipo maneno huanza, kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga naye anaona ana haki ya kutangulia. Muuguzi hulaumiwa na pande zote mbili kabla hata hajashika kalamu.

Kumhudumia mzee mmoja vizuri huchukua muda. Kumvua shati tu ni kazi. Kupima presha sawasawa kunataka mtu apumzike dakika tano kwanza, mkono uwe juu ya meza, asiwe anaongea. Halafu kuna kuuliza. Mzee wa miaka 75 ana maradhi matatu au manne kwa pamoja, na dawa zake ziko kwenye mfuko wa plastiki zimechanganyika, nyingine za jirani aliyefariki mwaka juzi. Kuzichambua moja moja ni nusu saa. Nusu saa hiyo haipatikani kukiwa na watu 40 nje.

Kuna na suala la lugha. Wauguzi wa kaunti wanatoka sehemu mbalimbali za nchi, na bibi wa Mwabungo akisema chitswa kinamsumbua, muuguzi mgeni hubaki kumtazama mjukuu atafsiri kuwa ni kichwa. Mjukuu mwenyewe ana miaka 14. Kuna mambo ambayo bibi hatayasema mbele ya mtoto huyo, hasa ya mkojo, ya choo na ya sehemu za siri, na ndiyo mambo ambayo muuguzi anahitaji kuyasikia. Muuguzi akiwa kijana wa kiume, bibi hunyamaza kabisa. Ushauri ambao wauguzi hutoa ni mwepisi: mzee aje na mtu mzima wa jinsia yake anayemwamini, na anayejua anakula nini na anameza nini. Asiletwe na yeyote aliyekuwa bila kazi siku hiyo.

"Dawa zimeisha"

Hakuna neno linalomchosha muuguzi kulitamka kama hili. Inafaa kujua dawa inatoka wapi. Afya imekuwa jukumu la kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na dawa nyingi za vituo vya umma kaunti huagiza kutoka Mamlaka ya Ugavi wa Dawa, KEMSA, kwa awamu. Zahanati hupeleka makadirio, shehena huja, na ikiisha kabla ya awamu ijayo muuguzi hana duka la kwenda kununua. Kuchelewa kwa fedha, kwa malipo au kwa shehena huanzia mbali sana na dirisha lake, lakini anayetazamana na mgonjwa ni yeye. Hatutaficha kwamba hili ni deni la Serikali, ya kaunti na ya taifa, na mwananchi ana haki ya kuliuliza.

Lipo pia linalosababishwa na sisi wenyewe, nalo ni la dawa za presha. Presha ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, ikipimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti, mtu huhesabiwa ana maradhi hayo. Dawa yake haiponyi kama ya malaria. Inashusha na kushikilia, siku kwa siku, na ukiiacha presha inarudi ilipokuwa. Wazee wengi humeza wiki mbili, wakajisikia vizuri, wakaacha. Wengine humgawia ndugu aliyeumwa kichwa. Wengine humeza siku moja kabla ya kliniki tu ili kipimo kitoke kizuri, na muuguzi, akiona kipimo kizuri, anaamini dawa inatosha. Miezi mitatu baadaye anaitwa kwa mzee huyo huyo, mdomo umekwenda upande.

Vidonda vya kulalia

Ukitaka kujua ni kitu gani humkatisha muuguzi tamaa, muulize kuhusu vidonda vya kulalia. Vinaua, na vingi vingeweza kuzuiwa kwa mikono mitupu.

Mtu asiyeweza kujigeuza hulala upande mmoja, uzito wote ukikaa juu ya mfupa. Damu haipiti pale. Ndani ya saa chache ngozi huanza kufa, na kifo hicho mara nyingi huanzia chini, karibu na mfupa, kabla hakijaonekana juu. Sehemu zake zinajulikana: mwisho wa uti wa mgongo juu kidogo ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, na kisogo kwa mzee aliyekonda. Vitabu husema angalia wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Angalia sehemu iliyokolea weusi au yenye rangi ya zambarau kuliko ngozi inayoizunguka, iliyo na joto au ngumu ukiigusa, na ambayo ukiibonyeza kwa kidole haibadiliki. Hiyo ndiyo siku ya kumwita muuguzi. Wengi humwita siku harufu inapotoka chumbani.

Kinga yake ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Katika nyumba za wazee za ng'ambo kuna karatasi ukutani ambayo muuguzi wa zamu hutia sahihi kila anapomgeuza mtu. Nyumbani kwako adhana yaweza kufanya kazi hiyo mchana: mgeuze kila adhana, na mara moja tena katikati ya adhana na adhana. Kati ya Isha na Alfajiri, na kati ya Alfajiri na Adhuhuri, ni mbali mno, hapo weka kengele ya simu, na wanaoamka wapokezane. Mkaza mwana mmoja hawezi kuamka peke yake kila usiku kwa miezi sita. Naye ataugua.

Usimburute mgonjwa kwenye mkeka au shuka, maana ngozi ya mzee ni nyembamba na huchunika. Mnyanyueni watu wawili kwa shuka iliyokunjwa chini yake. Mto wa sufi chini ya ndama za miguu huacha visigino vikaning'inia bila kugusa godoro. Mto mwingine kati ya magoti husaidia akilala ubavu. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Akijikojolea asafishwe mara moja kwa maji na sabuni kidogo, akaushwe kwa kugusagusa bila kusuguliwa. Sehemu iliyoanza kubadilika usiikande, na usipake majivu, dawa ya meno wala unga wa kahawa. Muuguzi akifika hulazimika kuanza kwa kukwangua hivyo vyote ndipo aone kidonda, na mzee analia wakati wote huo.

Chakula nacho ni dawa hapa. Kidonda hakifungi kwa uji mtupu. Kunahitajika samaki, mayai, kunde, maziwa, chochote kati ya hivyo kinachopatikana, na maji ya kutosha. Wazee wengi hawahisi kiu kama vijana, na wengine hukataa maji makusudi ili wasimsumbue mtu kuwapeleka msalani.

Kwa aliyewekwa mpira wa mkojo, mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata anapobebwa, usirudishe mkojo ndani. Tarehe ya kubadilisha iandikwe ukutani kwa kalamu kubwa. Wauguzi huitwa kubadilisha mipira ambayo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka iliingizwa lini.

Mfungo na sindano

Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, muuguzi wa Kinondo hupata kazi nyingine. Mzee mwenye kisukari anayedunga insulini anataka kufunga kama alivyofunga tangu utotoni, na hataki kuambiwa na mtu wa umri wa mjukuu wake kwamba asifunge. Muuguzi asiyekuwa Mwislamu husita kulisema, na aliye Mwislamu huambiwa anawalegeza watu dini. Ruhusa ya mgonjwa kuacha kufunga inajulikana na kila aliyesoma madrasa, lakini kuijua ni jambo moja na kuikubali kwa nafsi yako ni jambo jingine. Wauguzi wenye uzoefu huomba imamu wa msikiti ndiye azungumze, na hilo husaidia kuliko mabango.

La msingi ni kwenda zahanati wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu saa za dawa na vipimo vyake hubadilika. Aliyeruhusiwa kufunga aendelee kupima sukari mchana, na wanazuoni wengi wanaona tone la damu la kidoleni halifunguzi. Sukari ikishuka chini ya 4, saumu ivunjwe papo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana ya Magharibi.

Insulini haitaki joto, na nyumba nyingi hazina friji. Mtungi wa udongo unafaa: chupa iwe ndani ya chombo kikavu kilichofungwa vizuri, chombo kikae katika maji ya mtungi uliowekwa kivulini. Kuihifadhi juu ya kabati chini ya bati ni kuiharibu, na muuguzi atabaki kuongeza dozi ya dawa iliyokwisha kufa.

Mzee anayesema peke yake usiku

Sehemu hii ni nzito, na imesababisha makala haya kuandikwa.

Bibi aliyekuwa mpole ameanza kuzunguka nje usiku. Anaingia uani kwa jirani. Anataja watu waliokwisha kufa kana kwamba yuko nao. Hamjui mwanawe. Macho yamekuwa mekundu, na hataki kuoga. Muuguzi akisikia maelezo hayo anafikiria mambo mawili. Kama mabadiliko yamekuja ghafla, kwa siku mbili tatu, kuna kitu mwilini: maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, malaria, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, au dawa mpya. Hiyo ni dharura na mara nyingi hutibika, bibi akarudi alivyokuwa. Kama yamekuja polepole kwa miezi na miaka, huenda ni dimensia, maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu na tabia ya mtu. Hayaponi, lakini mtu mwenyewe anaweza kutunzwa.

Kijijini kuna maelezo ya tatu. Katika ukanda huu wa Pwani, Kilifi na Kwale zikiwemo, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mvi na macho mekundu vimetosha kuwa ushahidi. Kule Ganze, Kilifi, kuna kituo cha Kaya Godoma ambako wazee waliookolewa wanaishi kwa kuwa hawawezi kurudi kwao. Hiyo nayo ni nyumba ya wazee, kwa maana chungu ya neno hilo.

Hapa muuguzi yuko katika mtego ambao wengi hawaujui. Anajua bibi anaumwa nini. Anasikia maneno yanayozunguka sokoni. Lakini Sheria ya Afya ya 2017 na maadili ya kazi yake vinamkataza kutoa siri ya mgonjwa. Hawezi kusimama barazani akasema fulani ana dimensia. Hulazimika kunyamaza huku akiona hatari inakuja, na wauguzi waliopitia hayo hawayasahau.

Njia ya kutoka iko mikononi mwa familia. Siri ni ya mgonjwa, na mgonjwa, au ndugu anayemsimamia pale asipoweza kuamua, anaweza kuruhusu itolewe. Familia ikimpeleka mzee akapimwa, ikaomba muuguzi aeleze mbele ya mzee wa mtaa, chifu au imamu, muuguzi ataeleza. Maneno ya muuguzi yakisemwa mapema huzima mengi. CHP wa kijiji naye anaweza kuitwa, kwani anajulikana na kila nyumba. Na ieleweke kwamba kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 67. Kumpiga au kumchomea nyumba ni makosa mengine makubwa zaidi. Tishio likitolewa, ripoti polisi au kwa chifu siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama ni maneno tu.

Mzee huyu anayeogopwa ni mtu wa namna ile ile iliyoutunza Msitu wa Kaya Kinondo mpaka ukaorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 miongoni mwa kaya takatifu za Wamijikenda. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na haki ya kutunzwa ipasavyo na familia yake na Serikali. Vyote viwili vimetajwa pamoja, familia na Serikali, hakuna mmoja anayeweza kumsukumia mwenzake.

Kwa nini wauguzi hawatoshi

Swali hili huulizwa kila baraza. Vyuo vipo, na KMTC ina kampasi Msambweni hapa hapa. Wahitimu wapo pia, baadhi yao bila ajira. Kinachokosekana mara nyingi ni fedha za mishahara: kaunti haiwezi kuajiri kuliko bajeti yake inavyoruhusu, na mshahara wa muuguzi ni wa miaka mingi, si wa mradi wa mwaka mmoja. Mvutano juu ya malipo na mazingira ya kazi ndio uliozaa mgomo wa wauguzi wa kitaifa wa 2017, ulioanza Juni 5 na kudumu takriban miezi mitano. Wazee waliokuwa wakitegemea kliniki za presha na sukari waliupitia mgomo huo kwa shida.

Nje nako kunavuta. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko, na Septemba 2024 ukafuata mkataba wa ajira na Ujerumani. Nchi hizo zina wazee wengi na vijana wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8. Hivyo muuguzi aliyesomea Pwani anaweza kujikuta anamgeuza babu wa watu Uingereza kila saa mbili, wakati babu yake mwenyewe anageuzwa na mtoto wa darasa la nane. Simlaumu. Nataja tu ilivyo.

Waliobaki hufanya kazi ya wawili. Muuguzi wa zamu ya usiku peke yake akiwa na mzazi kwenye uchungu hawezi kutoka kumfuata mzee nyumbani, hata akiitwa mara kumi. Akitoka, anaacha mtu wa pili katika hatari. Na kuna wanaokuja mlangoni na ghadhabu, wakimtukana, wakimrekodi kwa simu, wengine wakimshika shati. Sheria ile ile ya 2017 inampa mhudumu haki ya mazingira salama ya kazi, na inamtaka anayehudumiwa amtendee kwa heshima.

Kwa upande mwingine, muuguzi aliyekukosea asiachwe. Anza kwa mkuu wa kituo. Asipokusikiliza, kila zahanati ina kamati yenye wakaazi ndani yake, na majina yao yanapaswa kubandikwa. Kutoka hapo ni ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Makosa ya kitaaluma hushughulikiwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Andika tarehe, saa na kilichotokea. Malalamiko ya "manesi wote wabaya" hayachunguziki.

Vidole vilivyofutika

Mzee asajiliwe na SHA mapema, kwa kupiga *147# au kwa kusaidiwa na CHP. SHA ilianza kazi Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, na huduma za zahanati na kituo cha afya kwa aliyesajiliwa hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Tatizo linalowakuta wazee wetu ni mashine ya alama za vidole. Vidole vilivyokuna nazi na kushika jembe miaka 60 havisomeki. Muuguzi hujaribu kidole baada ya kidole, mtandao nao unakatika, na foleni inanung'unika. Mpeleke mzee siku ambayo si mgonjwa, asubuhi, mikono imeoshwa kwa maji ya vuguvugu na kupakwa mafuta kidogo kisha kufutwa, na beba kitambulisho chake. Ukisubiri siku ya dharura, utagombana na mashine huku mgonjwa yuko ndani ya gari.

CHP nao wanastahili kutumiwa kuliko wanavyotumiwa sasa. Tangu Septemba 2023 walipokabidhiwa mikoba yao, ndani yake mna mashine ya presha na kipimo cha sukari. Mzee asiyeweza kupanda bodaboda anaweza kupimwa kitandani kwake, na nambari zikapelekwa kwa muuguzi, ambaye ataamua kama kuna haja ya kumwona. Hilo peke yake humpunguzia muuguzi safari nyingi na mzee mateso ya barabarani.

Na kwa kiharusi, usipitie zahanati kwanza wala kwa mganga. Mwambie mzee atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umeanguka. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie ataje jina lake, usikie kama ulimi umekuwa mzito. Moja tu likionekana, tafuta gari la kwenda Msambweni huku mwingine akipiga simu hospitali. Mlaze ubavu, usimpe maji, chakula wala kidonge cha presha mdomoni, kwani huenda hawezi kumeza. Chukua dawa zake zote kama zilivyo kwenye mfuko. Na andika saa ya mwisho mlipomwona mzima, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.